Mbwa anapunguza mawazo, ila umhudumie mwenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, kufuga mbwa kunaweza kumpunguzia mtu msongo wa mawazo wa kila siku?" Najibu kutoka Mwanga, Kigoma: ndiyo, kwa sharti kwamba umhudumie wewe mwenyewe. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, anarushiwa makombo na kijana wa kazi, atakulindia mali, lakini mawazo yako utabaki nayo.

Mimi nauza dagaa kwa jumla. Nanunua mwaloni Kibirizi, nasafirisha Dar es Salaam. Wenye kazi hii wanaelewa: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, ila marejesho ya kikoba hayapumziki. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, usingizi ulinihama kabisa. Nilikuwa nalala na hesabu, naamka na hesabu.

Mbwa wetu, Tomi, alikuwapo nyumbani tayari, mume wangu alimleta kwa ajili ya ulinzi. Kipindi kilekile kijana aliyekuwa akimtunza alirudi kwao Kasulu, kazi ikaniangukia. Asubuhi namsongea ugali wa dona, nauchanganya na chenga za dagaa. Jioni, baada ya swala ya alasiri, namfunga kamba tunatoka. Mkono mmoja umeshika kamba, mwingine kijiti cha kuwafukuzia mbwa wa watu, kwa hiyo simu inakaa nyumbani. Kwa mfanyabiashara, kukaa saa nzima bila simu ni jambo kubwa sana.

Na Tomi hana haraka. Kila nguzo ya umeme lazima ainuse chini, arudi upande wa pili, ainuse tena. Ukimvuta anakaza miguu ya mbele, masikio yanalala nyuma, anakutazama mpaka ulegeze kamba. Basi nasimama. Nikisimama ndipo naliona ziwa kule chini, na hewa ikiwa safi naiona na milima ya Kongo ng'ambo. Majirani ambao tulikuwa tukipungiana mikono tu, siku hizi tunazungumza. Mama anayeuza mihogo ya kuchoma njia panda, nikipita peke yangu, ananiuliza Tomi anaumwa nini.

Haya si ya kwangu peke yangu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walichapisha matokeo ya wanafunzi 249. Waliokaa dakika 10 tu wakipapasa mbwa na paka walikutwa na kiwango cha chini cha kortisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kuliko wenzao ambao hawakuwagusa wanyama hao. Utafiti wa Japani wa mwaka 2015 umenigusa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu waligundua kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, oksitosini inaongezeka kwa wote wawili. Hiyo ndiyo homoni inayotoka mama anaponyonyesha. Walipowapima mbwamwitu waliolelewa na watu, hali hiyo haikuonekana.

Nasema umenigusa kwa sababu kutazamana hakuhitaji kurambwa, nami ni Muislamu, na najua wengi wa Ujiji na hapa Mwanga wataniuliza habari ya najisi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunajua mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tomi ana sufuria yake, analala uani, haingii ndani, na nguo za matembezi sisalii. Mkono mkavu kwenye manyoya makavu hauna tatizo. Mbwa wa ulinzi masheikh wengi wanamruhusu, na kumtendea mnyama wema ni ibada. Kwa hiyo dini isiwe kisingizio cha kumnyima matembezi.

Kinachoniuma ni mbwa wa mnyororo. Mtaani kwetu wapo wanaobweka usiku kucha kwa sababu mchana kutwa hawajasogea. Huyo hawezi kumtuliza mtu, yeye mwenyewe ana msongo. Wenye mbwa hao wanalalamika hawalali, na dawa iko mikononi mwao: kamba na nusu saa ya jioni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa msiifanyie mzaha. Mtoto wa mbwa akifika miezi 3 achanjwe, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, hata kama ni wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Na aliyezidiwa na mawazo mpaka hali, halali, aende akaonane na daktari. Mbwa atamsindikiza jioni.

Anayeishi chumba cha kupanga asione hili halimhusu, anaweza kumtembeza mbwa wa jirani. Binti wa jirani yangu anasomea uuguzi, na siku nikichelewa mwaloni yeye ndiye anayemtoa Tomi. Ameshaniomba kamba kwa wiki nzima ya mitihani.