Jibu: Wati za kizingiti zimepanda, VO2max imeganda

Salaam mkuu. Umesema wati zako za kizingiti (nguvu unayoweza kuihimili muda mrefu kwenye baiskeli) zimetoka 240 hadi 265, ila VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia) kwenye saa imeganda 54, na unauliza ipi inakudanganya. Huenda hakuna.

Anza na namba zilivyopatikana. Saa haipimi oksijeni. Inakisia kwa kulinganisha wati na mapigo ya moyo. Ukiendesha kwenye joto au maji yakipungua mwilini, mapigo hupanda na makisio hushuka. Kipimo chenyewe ni cha maabara, umevaa barakoa, na si raha hata kidogo.

VO2max ni dari. Kizingiti ni kile kimo chini yake unachoweza kukihimili muda mrefu. Kwa waliozoea mazoezi, mara nyingi ni kama asilimia 75 hadi 85 ya dari, kwa hiyo kizingiti kinaweza kupanda bila dari kusogea. Mimi hutazama wati za juu kabisa unazoweza kushika kwa dakika 5. Kizingiti kikizikaribia sana, dari ndiyo inayokubana: weka vipande vikali vya dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa wiki. Kikiwa mbali, endelea na ulichokuwa unafanya.

Uzito hukuutaja. VO2max hiyo hugawanywa kwa kilo, hivyo ukiongezeka mwili namba inaweza kushuka hata kama moyo umeimarika.