Usitoke ofisini bila muhuri

*Makao makuu ya wilaya nimeomba kuona mkataba wa kisima kilichochimbwa kijijini kwetu. Karani akaniuliza nautakia nini. Lazima nijieleze? (Koboko)*

Si lazima. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazohatarisha usalama wa nchi au kuingilia faragha ya mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inasema wazi kwamba sababu zako si hoja ya kukunyima. Lakini ombi la mdomo linaishia mlangoni. Mwandikie CAO, yaani afisa mtendaji mkuu wa wilaya, utaje mradi, mwaka na kijiji. Beba nakala mbili: moja ibaki mapokezi, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Soma tarehe kabla hujaikunja, maana muhuri mwingine bado unaonyesha jana. Kuanzia hapo ofisi ina siku 21. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Bila muhuri huo utathibitisha nini?

Mzee asiyejua kuandika aseme tu. Afisa ndiye anayepaswa kumwandikia. Akimfukuza, yeye ndiye anayevunja sheria.

*Ofisi za wilaya zinafunguliwa saa ngapi?*

Nimeshajibu mara nyingi. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya mchana hadi saa nane. Nendeni asubuhi.

*Nataka kununua kiwanja. Broka anasema nimpe pesa taslimu, ana mtu wake ndani atakayekagua hati. (Bugembe, Jinja)*

Usimpe hata shilingi. Hati iliyosajiliwa haikaguliwi gombolola (kata ndogo) wala kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Inakaguliwa ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, na Jinja mnayo. Chukua namba zilizo kwenye hati: bloku na ploti, au voliyumu na folio. Toa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, lipa benki au kwa simu, uchukue majibu mwenyewe. Barua ya LC1 inaonyesha majirani wanamjua muuzaji. Haionyeshi kama hati imewekwa rehani benki au ina zuio. Watu wanauza ng'ombe wote wa ukoo kwa kutegemea barua hiyo, na inaniuma kila ninapoisoma habari yao.

*Kitambulisho cha taifa cha kwanza ni pesa ngapi?*

Bure. Anayekutoza jina lake lipelekwe kwa IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

*Tulifunga ndoa ya kimila, mahari ikalipwa yote. Kuna haja ya karatasi? (Arua)*

Ipo, dada, tena haraka. Sheria ya usajili wa ndoa za kimila ni ya 1973, na inawapa miezi sita baada ya sherehe kufika kwa msajili, yaani ofisi ya gombolola, au kwa karani wa mji mkiwa mjini, pamoja na mashahidi wasiopungua wawili. Wanaume wengi hulisukuma jambo hili mbele. Usikubali. Mume akifariki, shemeji waliokula mahari hiyo ndio watakaokuuliza wewe ni nani katika shamba lile. Mkishasajiliwa, ombeni cheti siku hiyohiyo, msome majina yenu herufi kwa herufi mkiwa bado mbele ya meza, kwa sababu jina lisilolingana na la kitambulisho litawarudisha hapo tena.