Shangazi, mama mkwe anasema watakatifu walionyeshwa kwamba kanisa letu limepotea

Barua ya wiki hii ni ya dada wa miaka 27, kwao Vihiga, kazi Kisumu. Nimeifupisha kidogo.

"Shangazi, mimi nimelelewa Friends, nyanya yangu ni mama wa kanisa huko kwetu, na unajua sisi Quaker hatubatizi kwa maji. Mchumba wangu ni Mjaluo Mkatoliki, ng'ombe zilishapelekwa na harusi tumepanga Disemba. Mama yake ananipenda, ananiita nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, lakini kila Jumamosi nikienda kwake Kondele tukimaliza vyombo anatoa kitabu cha novena na simu, anaanza kunisomea maono ya watakatifu. Ati Yesu alimwambia Faustina kwamba waliojitenga na Kanisa walimrarua mwili, ati Teresa wa Avila alionyeshwa jehanamu akawalilia Walutheri. Anasema sijabatizwa, nisipoingia Katoliki ndoa itakuwa bure na wajukuu wake watapotea. Nyanya naye ameota nikivuka mto na gauni jeupe, maji yakawa matope, kwa hivyo Mungu hataki. Mchumba anasema niingie tu tumalize maneno, juu kaka yake mkubwa aliokoka akatoka Katoliki na mama hajawahi kuwa sawa tangu siku hiyo. Kati yao nani ameonyeshwa ukweli? Nimechoka kulia kwa matatu."

Mwanangu, pole sana. Nimeisoma hii barua mara tatu na kila mara nakwama hapo kwa matatu.

Nianze na kile kitabu juu nakijua. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, novena ya Huruma ya Mungu, ile sala ya siku tisa iliyotoka kwa maono ya Faustina, naisali kila mwaka kuanzia Ijumaa Kuu, kijitabu changu kava yake imeshikwa na selotepu na ukurasa wa siku ya tano una doa la chai. Kwa hivyo sitakwambia mama mkwe amedanganya. Siku ya tano ni ya wale waliojitenga, na ni kweli mle ndani Yesu anasema walimrarua mwili na moyo, yaani Kanisa lake. Lakini maneno yenyewe yanaanza vipi? Yanaanza na "niletee". Anamwambia Faustina amletee hizo roho, azizamishe kwenye bahari ya huruma yake, na kwamba umoja ukirudi vidonda vyake vinapona. Huyo ni mwenye kuumia anaita watoto warudi nyumbani. Sasa ukichukua sala kama hiyo umsomee binti wa watu kama hukumu ya korti, akiwa bado na povu la sabuni mikononi, utakuwa umeyasoma maneno ukaikosa sauti ya anayesema.

Na Teresa pia ni kweli. Aliandika mwenyewe jinsi alivyoonyeshwa jehanamu na uchungu aliousikia kwa ajili ya roho za watu, Walutheri wakiwemo. Ilikuwa Hispania ya miaka ya 1500, Ulaya inapasuka katikati. Lakini angalia huo uchungu ulimpeleka wapi, hakutoka kwenda kugombana na mtu, mwaka 1562 alifungua nyumba ndogo ya masista pale Avila wakae humo waombe. Rafiki yake Yohane wa Msalaba ndiye aliyeonya watu sana wasiegemee maono hata yakionekana mazuri, na huyo ni mtakatifu wa Katoliki, sio mchungaji wa kanisa lingine.

Sasa kuna stori moja ningependa mama mkwe aisikie, na ukiweza mwonyeshe hii safu umsomee hapa.

Mwaka 1378 Kanisa Katoliki lenyewe lilipasuka. Kukawa na mapapa wawili, mmoja Roma na mwingine Avignon huko Ufaransa, kila mmoja anamtenga mwenzake, na kufika 1409 wakawa watatu. Nchi hii inafuata huyu, nchi ile inafuata yule, nyumba za watawa zimegawanyika. Mtakatifu Catherine wa Siena, ambaye alikuwa na maono tangu utotoni, alisimama na papa wa Roma kwa nguvu zake zote, akaandika barua kwa wafalme na makadinali hadi akafa pale Roma 1380 akiwa na miaka 33. Mtakatifu Vincent Ferrer alisimama na yule wa Avignon, tena akawa padri wa kumwungamisha. Wote wawili ni wa familia moja ya Dominiko! Vincent naye akaona maono, 1398, akiwa mgonjwa hapo Avignon, alimwona Kristo pamoja na Dominiko na Fransisko, na alichotumwa ni kwenda kuhubiri, akainuka akahubiri miaka 20 iliyobaki ya maisha yake. Ile shida ya papa yupi ni papa haikuisha kwa ndoto ya mtu. Iliisha watu wakiketi pamoja kwa mtaguso wa Constance, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, na kabla haijaisha, 1416, Vincent alisimama hadharani akamwacha yule papa aliyekuwa amemfuata miaka yote, juu huyo papa alikataa kujiuzulu ili Kanisa lipone. 1417 akachaguliwa mmoja. Na Kanisa likaja kuwatangaza wote wawili watakatifu, Vincent 1455 na Catherine 1461.

Hapo mimi huwa nanyamaza kidogo. Watakatifu wawili, maono kila upande, na walikuwa pande mbili za ukuta mmoja.

Na hatuendi mbali, si hapa kwetu tumejaa. Johana Owalo alisema alionyeshwa mbingu mwaka 1907, likatoka kanisa la Nomiya. Daudi Zakayo Kivuli alitoka Pentekoste na moto wa Roho akaanzisha African Israel Nineveh 1942, hao unawajua, wako huko kwenu Vihiga na kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Simeo Ondetto na wenzake wakatoka kwetu Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 na maono ya Mama Maria, ikawa Legio Maria, na hadi leo watu wanapanda Got Kwer kule Migori na rozari shingoni. Na nyinyi? George Fox alipanda kilima cha Pendle huko Uingereza mwaka 1652 akaona watu wengi wanangoja kukusanywa, ndio Quaker wenyewe hao, na miaka 250 baadaye, 1902, wamishonari wakafika Kaimosi. Kanisa la nyanya yako limeanza na maono, mwanangu. Kwa hivyo ukisema maono ndiyo yaamue kanisa gani ni la kweli, kila mtu hapa Nyanza na Western atakuletea yake na yote yatakuwa na machozi ya kweli ndani.

Sisemi Mungu haonyeshi watu. Naamini anaonyesha. Ninachoamini pia ni kwamba hizi zawadi hazikutolewa zitumike kama rungu, na hata Katekisimu ya Kanisa langu inasema ufunuo wa mtu binafsi hauongezi kitu kwa imani, upo wa kusaidia watu waiishi. Hayo maandishi ya Faustina yenyewe, Roma ilizuia yasisambazwe 1959 ikaja kuondoa zuio 1978, kisha akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Kama Kanisa lilikaa miaka 19 likipima, mama mkwe anaweza kungoja hadi Disemba.

Lakini kuna kitu kimoja maono hayo yananiambia na nakiamini kabisa, kwamba mgawanyiko unauma mwili. Nitakwambia nilipojua hivyo. Mjomba wangu alizikwa upande wa Busia, nilikuwa nimemaliza form four. Alikuwa amehama kanisa miaka miwili kabla afe, kwa hivyo siku ya mazishi yakaja makanisa mawili na kila moja lina programu yake. Sitayataja. Jeneza limewekwa kwa stuli mbili nje ya hema, juu hema lilikuwa limejaa wanakwaya, na jua la saa saba linapiga kile kioo cha juu cha kumwangalia marehemu hadi kinatoa jasho kwa ndani. Wazee wawili wa kanisa wameshika maikrofoni moja, kila mmoja anavuta kwake polepole na tabasamu, watu wasione. Shangazi yangu, mjane, hakusema neno. Alitoa leso kiunoni, akaenda akaishika juu ya kile kioo imkinge mume wake jua, akasimama hivyo mikono juu, akichoka anabadilisha mkono, hadi wale wakakubaliana. Sijui ni dakika ngapi. Hiyo ndiyo sura ninayoona nikifika siku ya tano, na naomba unielewe, sioni kanisa moja likirarua na lingine likiraruliwa, naona mikono miwili kwa maikrofoni.

Kuna maono mengine mama mkwe hawezi kuyakataa kwa sababu yako kwa Biblia yake. Matendo 10, Petro juu ya paa pale Yafa anaonyeshwa shuka lenye wanyama, mara tatu, na bado hakuelewa, imeandikwa alikuwa akishangaa maana yake. Alielewa lini? Watu wa Kornelio walipobisha mlango, akaenda nao, akaingia nyumba ya mtu ambaye sheria yake ilimkataza kuingia, akasikia habari yake kutoka mdomoni mwake. Kwa hivyo nikuulize, katika hizo Jumamosi zote, mama mkwe ameshawahi kukuuliza wewe unaombaje?

Sasa mambo ya harusi, juu hapo kuna makosa yanakutisha bure. Si lazima uwe Mkatoliki ndio uolewe na Mkatoliki. Kwa sababu hujabatizwa kwa maji, mchumba wako anahitaji kibali cha askofu, na kinaombwa kupitia padri wa parokia yake. Bila hicho kibali mama ana haki kusema Kanisa halitaitambua ndoa. Kikitoka, ni ndoa halali kabisa. Nendeni nyinyi wawili mapema, msingoje Novemba, ofisi za parokia Disemba zinajaa.

Na hapa ndipo pagumu kuliko maono yote. Ili apewe hicho kibali mchumba wako ataahidi kwamba atafanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki. Wewe huahidi kitu, lakini lazima uambiwe kwamba yeye ameahidi. Hiyo ndiyo mazungumzo mnatakiwa kuwa nayo, na yeye ameikwepa kwa kukwambia uingie tu mmalize maneno. Mtu mzima habatizwi ili maneno yaishe, anafundishwa miezi, anaulizwa mbele ya watu kama anaamini, na ukijibu ndiyo ya uongo hapo utaibeba wewe, hataibeba yeye. Siku moja ukiingia kwa moyo wako mimi nitafurahi sana, siwezi kuficha. Lakini sio kwa kusukumwa. Mwambie hivyo leo, na mkubaliane kuhusu watoto kabla ya kununua hata kitambaa cha gauni.

Nyanya yako mpigie. Usibishane na ndoto yake, mwulize ni nini anaogopa, juu nadhani anaogopa kwamba siku ukiingia kule hutakuja tena kukaa na yeye benchi moja Jumapili. Kama hiyo ndiyo hofu unaweza kuijibu kwa miguu, nenda kwa mwezi mara moja ukae naye.

Na mama mkwe. Wewe umeipitia haraka kwa barua, sentensi moja tu karibu na mwisho, kwamba kijana wake mkubwa alitoka Katoliki na hajawahi kuwa sawa. Mimi naona barua yako yote iko hapo. Mkatoliki wa umri wake anawaza nani atamwombea misa akifa, nani atashika rozari kando ya kitanda, na mmoja alishaenda, sasa huyu wa pili anakuleta wewe. Anatafuta kila sauti ya mbinguni imsaidie kushika mlango. Hiyo ni hofu ya mzazi, na huwezi kuishinda kwa stori ya mapapa watatu hata kama nimekupatia.

Jumamosi nenda kama kawaida. Akitoa kitabu usikikatae, mwambie msali pamoja hiyo siku ya tano, umsomee wewe kwa sauti yako, na mkifika pale pa kutaja waliojitenga mtaje wote wawili jina la yule kijana mkubwa. Baadaye mwambie ukweli, kwamba hujaamua kuingia Katoliki na huenda usiingie, lakini rozari ya mazishi yake utaisali na wajukuu wakiwa hapo, kama kweli unaweza kuahidi hilo. Kisha mwulize kuhusu huyo mtoto wake, ilikuwaje siku aliyotoka, alisema nini. Na hapo unyamaze, usimjibu wala usimtetee mtu, mwache aongee hadi amalize, hata kama giza litaingia na itabidi mchumba aje kukuchukua.