Kuja Arusha kwa kongamano: ushuke wapi, ubebe nini

Dada, karibu sana. Kwa kuwa unatokea Kampala kuja kwenye kongamano pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, mwezi wa saba, kata tiketi ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro. Soma tiketi vizuri, maana Arusha ina uwanja wake mdogo kule Kisongo, wa ndege za ndani, na wageni huchanganya. KIA iko katikati ya Arusha na Moshi, kama kilomita 50 kutoka mjini, kwa hiyo panga usafiri mapema, hasa ukitua usiku. Teksi patana bei kabla hujapanda.

Viza huhitaji, wewe ni wa Afrika Mashariki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ilipigwa marufuku 2019.

Sasa baridi, hapo ndipo wageni hawatuamini. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na Julai asubuhi wingu linaweza kugoma kuondoka mpaka saa sita. Leta sweta zito na viatu vya kufunika. Hoteli tafuta karibu na Mnara wa Saa, utatembea kwa miguu hadi ukumbini.