Maswali Yenu: Kuba la Süleymaniye linasimamaje bila nondo?

Wiki hii barua za Moshi na Arusha zimegongana kwenye jengo moja, msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, sasa nimeona nizijibu pamoja.

*Shikamoo mhariri. Mi ni fundi ujenzi hapa Majengo, Moshi. Mteja wangu katoka Uturuki kanionyesha picha za msikiti mmoja kwenye simu, katikati peupe kabisa halafu juu kuna kuba kuubwa, anasema umejengwa zamani, hakuna nondo wala zege. Nikamwambia haiwezekani, tukabishana mpaka chai ikapoa. Nani mkweli?*

Marahaba fundi. Mteja wako mkweli, ila na wewe una haki ya kushangaa. Ulianza kujengwa 1550 ukaisha 1557, aliyeagiza ni Sultani Süleyman, mtawala wa dola ya Osmani, na aliyejenga ni Sinan, Waturuki wanamwita Mimar Sinan yaani Sinan msanifu. Huyu ni mtu wa kazi kama wewe asee, kazaliwa kijijini karibu na Kayseri kwenye familia ya Kikristo, akachukuliwa ujanani kuingizwa jeshi la sultani, huko vitani akawa anajenga madaraja, usanifu mkuu wa dola ukaja kumkuta ana karibu miaka 50.

Sasa kuba lenyewe. Upana ni kama mita 26 na nusu, na toka sakafuni mpaka kileleni mita 53. Lile duara la katikati ya uwanja wa mpira lina mita 18.3, kwa hiyo hili linalizidi mita 8 na zaidi, halafu linaning'inia juu ya vichwa vya watu. Limejengwa kwa matofali ya kuchoma na chokaa, mawe yangekuwa mazito mno.

Chukua nusu ganda la chungwa lililoliwa, lifunike mezani ulikandamize juu kwa kidole. Umeona? Linatanuka pembeni. Kuba nalo ni hivo hivo, halishuki tu, linasukuma nje, na hiyo ndo inayopasua kuta. Wewe leo ungefunga linta ya zege na nondo izunguke kama mkanda, ukaenda zako kula. Sinan alikuwa na vibanio vya chuma kati ya jiwe na jiwe, vimeshikizwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, lakini kuba la ukubwa ule huwezi kulitegemezea vibanio peke yake.

Kwa hiyo akafanya mzigo upokezane. Kuba limekaa juu ya matao manne na nguzo nne nene sana, kwenye kona akajaza pembetatu zilizopinda ili mraba wa chini upokee duara la juu. Upande wa kibla na upande wa mlango kaegemeza nusu kuba mbili, kuba kubwa likisukuma zenyewe zinapokea, zinapeleka kwa vikuba vidogo, na vile vinapeleka ukutani. Kushoto na kulia hakuna nusu kuba, kuna ukuta umejaa madirisha, na hapo ndo nampendea huyu mzee, maana ukuta kama ule unahitaji maegemeo manene ya mawe na yakikaa nje yote yanaharibu sura, basi akayagawa, nusu yakaingia ndani nusu yakabaki nje, katikati yake akapitisha baraza za ghorofa, we unaona baraza nzuri ya kupumzikia kumbe umesimama kwenye mguu wa jengo! Na vile viminara vifupi vinene juu ya zile nguzo nne, wengi wanadhani urembo, ni uzito ule. Ndoo tupu unaisukuma kwa kidole, ndoo yenye maji je?

Ramani ya nusu kuba mbili aliikuta Hagia Sophia, jengo la hapohapo Istanbul lililojengwa kama kanisa mwaka 537, ambayo kuba lake la kwanza lilianguka 558, kwa hiyo alijua anacheza na nini. Na la kwake halikusalimika moja kwa moja, tetemeko la 1766 liliangusha sehemu ya kuba, likajengwa tena.

*Habari za kazi. Nilipita Istanbul nikitokea KIA, nikaona kwenye taa za huo msikiti mayai makubwa yananing'inia. Ni mayai kweli? Msomaji wa Kaloleni, Arusha.*

Ni mayai kweli dada, tena ya mbuni, hawa hawa tunaowaona porini huku kwetu. Waliyatundika wakiamini yanafukuza buibui. Mimi lakini kilichonigusa zaidi ni moshi. Zamani zile taa zilikuwa za mafuta, na kama umekulia kwenye kibatari unajua dari linavyokuwa jeusi, sasa piga hesabu ya taa kwa mamia kila usiku. Sinan akapanga hewa ya ndani iwe inaubeba moshi mpaka chumba kimoja juu ya mlango mkuu, masizi yakawa yanagandia pale, yanakusanywa yanakuwa wino wa waandishi wa khati, yale maandishi ya urembo. Uchafu wa taa unaenda kuandikia.

*Minara ni minne kwa nini? Na ni kweli Sinan alivuta shisha ndani? (Moshi, hakutaka kutajwa)*

Wanasema minne kwa sababu Süleyman ni sultani wa nne tangu Waosmani waiteke Istanbul 1453, na vibaraza vya minara viko kumi, 3, 3, 2 na 2, kwa kuwa yeye ni sultani wa kumi wa ukoo wa Osman, ulioanzisha dola hiyo.

La shisha ni hadithi. Inasema alishtakiwa kwa sultani anavuta msikitini, kumbe chombo kina maji matupu, anasikiliza yanavyobubujika apime sauti inavyosambaa. Tamu, ila tumbaku yenyewe ilifika Istanbul kwenye miaka ya 1600 hivi, na Sinan alifariki 1588. Kaburi lake liko palepale, kwenye kona nje ya ukuta wa msikiti, dogo tu, na alilichora mwenyewe.