Mimi huchagua kwa sikio

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu yuko kwenye jiji kubwa, ana jioni moja tu ya kwenda kutazama mchezo wa jukwaani, achague vipi? Jibu langu ni neno moja, maelezo ndiyo marefu. Sikio.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi London tangu 2008, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Kila mgeni akija kutoka nyumbani, baada ya kuona daraja na saa kubwa, mimi ndiye ninayeulizwa, "Na hayo maigizo yao je?" Basi nimekwenda mara nyingi kuliko kipato changu kinavyoruhusu, na nimekosea mara nyingi pia.

Kosa la kwanza nilichagua kwa nyota. Bango la kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi lilikuwa na nyota tano tano, zile alama ambazo magazeti huupa mchezo uliowapendeza, nikasema hapa sikosi. Nililipa pauni 40, wakati ule karibu mshahara wa zamu nzima. Mchezo wenyewe watu watatu wa Ireland wako jikoni wanagombana. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari, cha mwalimu anayesoma imla, na wale walikuwa wanasema kama watu wanaogombea daladala ya mwisho. Nikawa nacheka kwa kufuata mkumbo: jirani akicheka, nami nacheka, nimechelewa kidogo kama mwangwi. Mama mmoja wa mbele akageuka kunitazama. Nilitoka pale najua tu kwamba kuna birika lilivunjwa na kwamba halikuvunjwa kwa bahati mbaya. Huenda zile nyota zilikuwa za haki kabisa, ila waliozitoa hawakuwa na sikio langu.

Miaka mitatu baadaye, 2012, ukumbi wa Globe pale ukingoni mwa Mto Thames uliandaa tamasha la michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilipewa ule wa wake wa Windsor, ukaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, na waigizaji walitoka Afrika Mashariki. Falstaff, yule mzee mnene anayewaandikia wake za watu wawili barua moja ya mapenzi, aliigizwa na Mrisho Mpoto wetu, yule mghani wa mashairi. Nilikata tiketi ya kusimama, pauni 5, uani chini ya anga. Globe hairuhusu miavuli pale uani kwa sababu inawaziba walio nyuma, kwa hiyo manyunyu yalipoanza nilijifunika mtandio. Kwenye vibao kulikuwa na muhtasari mfupi tu wa kila onyesho kwa Kiingereza, si maneno yenyewe. Sasa zamu ikageuka. Mpoto anatupa neno, sisi wachache wa Kiswahili tunaangua kicheko, halafu sekunde moja baadaye Waingereza nao wanacheka kwa kutufuata. Nilisimama zaidi ya saa mbili na miguu haikuniuma mpaka nilipokaa kwenye basi.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba lile jikoni la Waairishi sikushindwa kwa ujinga. Tangu hapo nikiulizwa mchezo gani mzuri, na mimi nauliza kwanza: anayekwenda ni nani, na anasikia nini?

Lakini kusikia kuna na kiti chake. Kumbi nyingi za West End, ule mtaa wa maigizo wa London, ni majengo ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mazuri kwa kutazama dari, magumu kwa magoti. Baadhi yana nguzo. Niliwahi kununua tiketi ya "punguzo" kwenye duka moja karibu na Leicester Square, maana maduka ya namna ile yamejipanga pale kama vibanda vya urojo, kila mmoja anakuita. Nikakaa nyuma ya nguzo ya chuma. Kwa mchezo mzima nilimjua mhusika mkuu kwa mkono wake wa kushoto. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba tiketi za namna ile huandikwa kuwa sehemu ya jukwaa haionekani, ila huyu wangu alilisahau neno hilo aliponiuzia. Siku hizi nikitaka punguzo la siku ileile naenda TKTS, kile kibanda kilichosimama peke yake pembeni mwa bustani ya Leicester Square. Kinaendeshwa na chama chenyewe cha wenye kumbi, na kiti chenye kasoro unaambiwa. Halafu jihadhari na viti vya chini vya nyuma kabisa, vilivyoingia chini ya ghorofa ya juu. Unaona, lakini sauti inakufikia kama imefunikwa blanketi. Heri orofa ya kwanza, mbele, hata kama ni pembeni kidogo.

Kuna jambo wageni wengi hawalijui na linanishangaza. Karibu kila mchezo mkubwa huwa na siku moja mbili za maonyesho yenye maandishi, yaliyotengwa kwa ajili ya watu wenye uziwi. Kibao kinawekwa kando ya jukwaa na maneno ya waigizaji yanapita pale pale wanapoyasema. Ukumbi wa National Theatre mwaka 2018 ulileta na miwani maalumu: unaivaa na maneno yanaelea mbele yako popote ulipokaa. Sisi ambao Kiingereza tumekisoma zaidi ya tulivyokisikia, maandishi yale ni mkombozi. Angalia tu kibao kimewekwa upande gani kabla hujachagua kiti. Kwa njia hiyo nimerudi kwenye michezo ya watu wa Ireland, na kumbe wanachekesha.

Kwa wageni wa umri mkubwa wanaojua Kiingereza cha zamani cha ofisini, mimi sioni haya kuwapeleka kwenye The Mousetrap, mchezo wa mauaji wa Agatha Christie ulioanza London 1952 na haujakoma isipokuwa ulipofungwa kwa korona. Wajuzi wanauchekea, wanasema ni wa watalii. Waache. Watu wamefungiwa na theluji katika nyumba moja, anazungumza mmoja, akimaliza anajibu mwingine, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Aliyepotea njiani bado anashikiliwa na swali moja: nani kaua? Mwisho hadhira huombwa isimtaje muuaji ikitoka nje. Mjomba wangu, karani mstaafu wa bandari, amelishika ombi hilo kama amana ya yatima. Mkewe amemwomba amwambie, hajasema.

Sasa mamkubwa.

Mamkubwa alikuja kunitembelea nilipojifungua. Kiingereza chake ni "thenki yu" na namba mpaka kumi. Nilitaka atoke nje jioni moja, na mdogo wa mume wangu alikubali kubaki na mtoto. Watu wote kazini waliniambia mpeleke kwenye The Lion King, ule mchezo wa nyimbo wa mfalme simba, uko pale ukumbi wa Lyceum tangu 1999, una Kiswahili ndani yake. Nilikuwa na wasiwasi na hicho Kiswahili, lakini kwa kanuni yangu ya sikio nilijua kwamba mwanzo wake unaimbwa Kizulu, kwa hiyo ukumbi mzima hausikii maneno, na hapo mamkubwa na profesa wako sawa. Nikatafuta viti vya chini vilivyo kando ya njia, kwa sababu wanyama wanaingia kwa kupita katikati ya watu. Aliye juu kabisa ule msafara anauona nusu.

Taa zikazimika. Mwanamke mmoja akapasua wimbo, wa upande wa pili akamjibu, na tembo akatokea nyuma yetu: watu ndani ya miguu, turubai na fito, lakini ni tembo. Alipita karibu kiasi kwamba mamkubwa aliukusanya mtandio wake usikanyagwe. Akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, kucha zote tano, na hakuniachia mpaka wimbo ulipokwisha.

Kisha majina yakaanza. Rafiki, yule nyani, akamkubali, ingawa alisema rafiki gani hujipaka rangi vile. Sarabi, mama simba, akalifurahia, jina zuri, mazigazi ya jangwani. Pumbaa, yule ngiri, alipoingia na pembe zake akasema kwa sauti, "Kweli kapumbaa huyo," na hakuona ajabu yoyote mtu kuitwa kwa alivyo. Tatizo lilikuwa fisi. Fisi jike wa wimbo wa makaburini aliitwa kwa jina lake, Shenzi, na mamkubwa akaruka kitini.

"Astaghfirullah! Mtoto wa watu kaitwa Shenzi mbele za watu?"

"Ndilo jina lake, mamkubwa."

"Nani kampa?"

"Marekani."

Akanyamaza kidogo. Kila jina lile likitajwa aliguna, na mimi nikawa nauma mtandio nisicheke. Watu zaidi ya elfu moja mle ndani walisikia jina tu la fisi, sisi wawili tulisikia tusi la mtaani. Na ule wimbo wa hakuna matata, ambao ukumbi mzima uliupigia makofi, yeye aliutikisia kichwa. "Kwetu nani asema hivyo? Sisi twasema hamna neno." Nikamwambia ndivyo wanavyosema kwa watalii hotelini. "Basi wangeweka na bei," akasema.

Wakati wa mapumziko walipita wahudumu na trei za aiskrimu kwenye vikopo vidogo. Mamkubwa alikigeuza kikopo chake, akakitazama kila upande, akauliza mzungu huyu anataka tule kwa kidole? Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikula kwa kidole. Kijiko kimefichwa ndani ya kifuniko, unabandua karatasi unakikuta kimelala. Nilipomwonyesha akakiosha kwa maji ya chupa, akakifunga kwenye leso yake. Kiko Tanga mpaka leo, anapimia hiliki.

Aliporudi aliwasimulia ndugu hadithi nzima, tangu baba anavyouawa kwa hila ya mdogo wake mpaka mtoto anavyorudi kudai nyumba. Hakukosea mahali. Kwa maneno ya Kiingereza alikuwa ameelewa labda ishirini. Mdogo wake akamwambia, "Hiyo si ni ile kesi ya mirathi ya pale Chumbageni?" Wakaihamishia huko, na hadithi ikaendelea mpaka usiku.

Mtaniuliza, na anayekwenda peke yake, asiye na mgeni wa kumwonea huruma? Huyo mimi humwambia asome mchezo kabla. Kumbi kama Royal Court na National Theatre huuza vitabu vya michezo, na mchezo mzima unausoma kwa safari mbili za basi kwenda kazini. Wapo wanaosema unajiharibia utamu. Labda, kwa ile ya mauaji. Kwa mingine, mimi husikia vizuri zaidi ninapojua kinachokuja, kama mtu anayekwenda kusikiliza taarabu ambayo ameshaijua kwa moyo.

Mwezi ujao anakuja binti ya mamkubwa. Huyu ni mwanasheria, anasikia Kiingereza kuliko mimi, hapendi nyimbo, na ameshaniambia kwenye simu kwamba simba hataki. National Theatre hutoa tiketi za pauni 10 za wiki inayofuata kila Ijumaa saa saba mchana, na huisha upesi. Zamu yangu ya Ijumaa nimeshabadilishana na mwenzangu.