Treni Nayo Hupanda Mlima: Kwa Mnaoshuka Diani Kumtafuta Papa

Jumatano jioni, pale bwawani Nairobi tunapofanyia mazoezi ya kuzamia, nilimsikia kijana mmoja akiwapangia wenzake safari ya Diani. Treni ya Ijumaa usiku, mbizi mbili Jumamosi, mbili Jumapili asubuhi, kisha treni ya alasiri, na Jumatatu saa mbili kila mtu yuko kazini. Wenzake wakamsifu kwa kuibana siku. Mimi niliuweka mtungi chini kabla haujaniponyoka. Mpango huo naujua. Niliwahi kuupanga mwenyewe, vivyo hivyo, hata saa za treni zilikuwa hizo hizo.

Wadogo zangu, nawapenda na mnanichosha. Sikilizeni.

1. Risasi za bwawani, vile vipande vya kukuzamisha, ziacheni bwawani. Maji ya chumvi yanakuinua, kwa hiyo ongeza kilo mbili au tatu, ujipime kando ya boti kabla ya kushuka.

2. Shinikizo la masikioni lisawazishwe kabla masikio hayajauma. Ukiwa na mafua, baki ufukweni.

3. Baa 50 za mwisho za hewa mtungini ni za kurudia botini. Si za picha.

4. Sasa papa mwenyewe. Swali lenu la kwanza huwa ni kama ataniuma. Afadhali mngeuliza mtamfanyia nini. Yule wa mwambani mwenye ncha nyeupe za mapezi hushinda mchana amelala ndani ya mapango, kwa sababu anaweza kupumua bila kuogelea. Ukimkuta, usikae mlangoni mwake, mwachie njia. Papa shilingi ni habari nyingine. Wazee wa pwani husema Mungu alimmwagia shilingi mgongoni, ndiyo yale madoa, na hakuna wawili wenye madoa yanayofanana. Anaweza kupita mita 12 kwa urefu, na bado chakula chake ni vijidudu vya majini anavyovichuja kwa kinywa wazi. Mtafuteni wakati wa kaskazi, maji yanapotulia. Kusi ikianza bahari huchafuka. Kaeni mita tatu kutoka ubavuni na nne kutoka mkiani, maana mkia ule ukikupiga hautakuuliza jina. Msimguse, msimzibie njia, msimmulike kwa flashi. Yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na anayeona mmoja katika msimu mzima amebarikiwa.

Na anakula juu. Shikeni hilo, kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia.

5. Treni.

Ilikuwa Februari. Nilikuwa na dada mmoja niliyemfunza tangu siku ya kwanza alipovaa mapezi, mwangalifu, mwenye daftari la kila mbizi. Jumamosi tulizama mara mbili. Jumapili alfajiri nahodha akasema wavuvi wamemwona papa shilingi nje ya mwamba. Nilikuwa nimemsubiri samaki huyo miaka minne. Tukashuka hadi mita 26, tukapanda, tukapumzika, tukashuka tena. Hatukuona kitu. Tulipotoka majini saa tano na nusu, watalii waliobaki juu na vipumulio vyao, ile mirija ya kuogelea bila mtungi, walikuwa wanakumbatiana kwa furaha. Alikuwa amewapitia pale pale juu, sisi tukimtafuta chini.

Tukakimbilia feri ya Likoni tukiwa na nywele mbichi. Katikati ya kivuko yule dada akaniuliza, "Mwalimu, si tulisema saa 18?"

Nikamjibu, "Hiyo ni ya ndege. Hii ni treni."

Nimelirudia jibu hilo usiku mwingi. Nilikuwa nimechoka, nina hasira ya kumkosa papa, na Jumatatu nilikuwa na kikao. Nikatafuta mwanya katika sheria na nikaupata kwenye neno ndege. Lakini nitrojeni, gesi ya hewa inayojazana mwilini ukiwa chini na kugeuka mapovu shinikizo likipungua mapema, haijui umepanda chombo gani. Inachojua ni shinikizo. Muongozo wa kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hadi 2,400, na Nairobi iko takriban mita 1,700. Kwetu sisi, kurudi nyumbani ndiko kuruka.

Tulipopita Mtito Andei kiwiko kilianza kuuma. Nikasema ni mitungi niliyobeba. Emali vidole vilikuwa na ganzi. Dada aliniona nikijisugua akauliza tena, nikamwambia ni begi. Mara ya pili siku hiyo nilimdanganya mtu aliyeniamini, na safari hii nilikuwa ninajua. Kumwambia ukweli kungemaanisha kukiri kwamba nimempandisha na yeye pia, na dalili zake zingeweza kuanza wakati wowote. Alistahili kujua hilo kabla ya mtu yeyote.

Nyumbani nilimeza dawa ya maumivu nikalala. Asubuhi kikombe cha chai kilinitoka mkononi. Ndipo nikampigia. Hakunilaumu, aliniambia nisiguse usukani, akaja na teksi, akanifikisha hospitali, na ni yeye aliyewaeleza madaktari kina na saa za kila mbizi kutoka kwenye daftari lake. Nilivutishwa oksijeni, kisha nikarudishwa Mombasa, kwenye chemba ya shinikizo, nilikofungiwa karibu saa tano, nikianzia shinikizo sawa na la mita 18 chini ya maji. Kiwiko changu bado hunikumbusha hayo kila msimu wa baridi wa Julai. Yeye hakupata dalili yoyote. Tunazama pamoja hadi leo, ila hesabu za kurudi anazipiga mwenyewe, na mimi huzifuata.

6. Bima ya wazamiaji, iliyo hai, kabla ya kununua tiketi. Maji ya kunywa, mengi. Bia ya Jumamosi usiku, hapana.

7. Ukisikia ganzi au maumivu yasiyoeleweka, sema hapo hapo, hata kama ni treni imejaa na mwalimu wako ameketi kando yako akikwambia si kitu.

Sasa wewe kijana wa Jumatano, mpango wako ni mzuri ukigeuzwa kidogo. Shukeni kwa treni ya Alhamisi usiku, mzame Ijumaa na Jumamosi. Jumapili suuzeni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, mvianike, kisha ombeni boti iwapeleke nje ya mwamba na vipumulio tu, mbaki juu, kwa sababu papa shilingi huko ndiko atakakopita. Rudini kwa treni ya usiku. Tiketi mlizokwisha kulipa nileteeni bwawani Jumatano, tutafute namna ya kuzibadilisha kabla ya mazoezi.